Kaka Hamadi, Fundi Cherehani Bado Anacheza

Kwako kaka yangu Hamadi, uliyeko nyumbani kwa Mama, Kisauni,

Barua hii sikuifunga, na inaletwa na msafiri anayepanda ndege usiku huu, iwafikie kesho asubuhi. Wewe kusoma bado kunakuchosha kichwa, na macho ya Mama siku hizi hayasomi herufi ndogo, kwa hiyo atakusomea yeyote atakayekuwa karibu, awe jirani au mpita njia aliyeingia kuomba maji, na huyo naye namkaribisha asikie. Sina la aibu humu. Nina la kunikosesha raha, na wewe ndiye niliyezoea kukwambia mambo kama hayo, hata pale ulipokuwa ukinisikiliza nusu na nusu nyingine unatafuna njugu.

Daktari alisema miaka yako ya Dubai huenda isirudi kichwani. Juzi kwenye simu uliniuliza kama nimewahi kupanda ndege. Nilicheka, tukaagana vizuri, kisha nikasimama jikoni nikalia, na Nakato, yule Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, akaendelea kukatakata vitunguu kama mtu asiyeona. Basi kwa kuwa wewe huikumbuki, acha nikukumbushe mimi.

Ulinitangulia huku. Ulikuwa mlinzi kwenye jumba kubwa la maduka lenye uwanja wa barafu ndani yake. Ndiyo, barafu, na nje jua linawaka hadi ukishika kitasa cha gari unaruka. Kituo chako kilikuwa kando ya uwanja huo, nawe ukiwa umejifunga skafu ya Mama chini ya sare. Jioni walikuja wazungu kucheza hoki. Wanavaa viatu vyenye makali chini, wanashika magongo, na badala ya mpira wanafukuza kisahani cheusi kigumu. Ulinipigia simu Mombasa ukaniambia umeona watu wazima, wenye ndevu na kazi zao, wakigongana kwa ajili ya kifuniko cha sufuria. Ulidhani wamerukwa na akili. Lakini nakujua wewe na mchezo wowote unaokupitia machoni. Haukupita muda ukawa unabishana na wenyewe juu ya sheria.

Nilipokuja na mimi nikapata kazi mtaa wa Silicon Oasis, kwenye ofisi inayohesabu mechi. Ulikataa kuamini kwamba kuna watu wanalipwa mshahara kwa kutazama mchezo. Timu moja ya kulipwa, ya nchi ya baridi, hututumia video za mechi zake. Sisi tunaandika kila tukio: nani kapiga, nani kapokonywa, pasi imetokea upande gani, mchezaji alikaa na kisahani kwa muda gani kabla ya kukitoa. Kompyuta inatoa majedwali, na kocha kule anayatazama anapoamua nani acheze na nani akae.

Mwanzoni nilikuwa nazama. Majina ya wale watu yalinikwama kooni kama mwiba wa samaki changu. Ndipo ulipoleta njia yako. Siku zako za mapumziko ulipanda basi kutoka Muhaisnah, kwenye yale majengo ya wafanyakazi, ukaja kwetu Al Muraqqabat, ukakaa ukingoni mwa kitanda changu, nami nikafungua mechi za zamani kufanyia mazoezi. Wewe unaita kinachotokea, mimi nabonyeza kitufe chake. Na kwa kuwa majina yalikushinda hata wewe, ukawabatiza wote upya. Golikipa ulimwita Mama Mkwe, kwa sababu hakuna kinachompita bila ugomvi. Yule kijana mwenye nywele ndefu alikuwa Bwana Harusi. Na yule mwenye jezi ya nahodha, anayeingia na kutoka ukutani kama sindano kwenye kitambaa, huyo ulimwita Fundi Cherehani. Huyo ulimpenda kuliko wote.

"Fundi kapokea! Fundi kashona! Yalla, Saumu, bonyeza, umelala?"

"Nimebonyeza bwana, usinipasue sikio."

"Umebonyeza kulia. Fundi yuko kushoto, kwenye kona yake. Unataka kumhamisha nyumba?"

Nakato alisogeza pazia lake kuja kuona kuna harusi ya nani. Baadaye akawa anashangilia kuliko wewe, na mandazi tuliyokuwa tumepanga kula wakati wa mapumziko yalikuwa yameisha kitambo. Nadhani sijawahi kuwa na furaha kama ile Dubai. Ofisini mpaka leo wenzangu wanatamka majina halisi, mimi kichwani nasikia yako.

Sasa hapa nitakueleza kitu ambacho huenda hujaelezwa sawasawa, maana Mama hupenda kukiruka. Ijumaa mlikuwa mnacheza kandanda kwenye kiwanja cha mchanga karibu na majengo yenu. Ukaruka kupiga kichwa, na mwenzako naye akaruka, mkagongana. Nilikuwepo, nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza. Ulianguka, ukakaa chini muda, ukainuka na kujipangusa mchanga.

"Niko fiti," ukasema.

"Si umesema kichwa kinauma?"

"Kiliuma. Khalas, kimeacha."

Kesho yake ukaenda kazini, kwa sababu msimamizi wenu hakupenda watu wa kuumwa. Siku yako ya mapumziko ukaja kwangu kama kawaida, tukafungua mechi, ukaita. Lakini uliita kwa kuchelewa. Fundi alishapiga pasi, kisahani kimeshafika kwa Bwana Harusi, ndipo wewe unasema, "Fundi kapokea." Na kila kilichotokea kushoto mwa kioo cha kompyuta kilikupita kabisa. Nikakutania kwamba umezeeka. Ukacheka. Kikombe chako cha chai kilikuwa kushoto na kikapoa bila kuguswa. Hakuna kati yetu aliyejua tunachokitazama, wala Nakato hakujua, wala wewe mwenyewe. Ijumaa iliyofuata ulirudi uwanjani, mpira ukakupiga kichwani, mpira wa kawaida tu, na ukaanguka usiinuke. Daktari alitueleza kwamba ubongo uliopigwa, ukipigwa tena hata kidogo kabla haujapona, ndipo mambo huharibika. Maneno hayo nimeyabeba tangu siku hiyo, na ndiyo yaliyonifikisha hapa nilipo.

Hamadi, Fundi Cherehani amepigwa.

Ilikuwa kwenye mechi ya kawaida. Alibanwa ukutani na bega la jitu moja, kichwa kikagonga kioo kinachozunguka uwanja, akapiga magoti, akainuka, mashabiki wakapiga makofi. Baadaye alirudi kucheza. Mimi nikabonyeza kama ilivyo desturi: kugongwa, kushoto, karibu na kona. Mechi zilizofuata nikaanza kuhisi kitu vidoleni kabla ya kukijua kichwani. Nilizoea kumbonyeza Fundi harakaharaka, kapokea, katoa, kapokea, katoa. Sasa kidole kinangoja. Anapokea, anakaa nacho, anakaa, ndipo anatoa. Na kile kisahani kikienda kwenye kona yake ya kushoto, anamwachia mwingine.

Nikaomba kompyuta itenganishe mechi za kabla ya pigo na za baada yake. Magoli yake yako palepale, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Vijana wanampa pasi nzuri akiwa mbele ya lango, anasukuma tu. Lakini ukiweka magoli pembeni ukatazama muda wa kutoa pasi, na ukatazama vinavyompotea upande wa kushoto, unaona mtu mwingine. Watangazaji wanasema ni umri. Nikauliza majedwali hilo pia. Uzee huja polepole kama mvi. Huu ulikuja siku moja.

Hata hivyo niliogopa kwamba ninakutafuta wewe ndani ya kila mwanamume anayegongwa. Nikafuta majina kwenye majedwali, nikampelekea madam wetu, mkuu wa ofisi, Mhindi mpole anayependa chai ya iliki, nikamwomba aniambie kama kuna kitu. Hakumaliza hata kikombe.

"Huyu wa tatu kutoka juu," akasema, "huyu ameumia?"

Nilimwambia ni nahodha wao. Akaweka kikombe chini. Unajua, mkataba wetu unasema sisi tunahesabu tu. Ripoti ina umbo lake na hairuhusu maoni ya mtu, sembuse kuzungumzia afya ya mchezaji. Timu iko kwenye mtoano, mechi za kufa na kupona, na nahodha ndiye anayejaza viti.

"Saumu, ukikosea, watahamia kwa kampuni nyingine," akasema. "Na viza yako iko kwetu. Ofisi ikifungwa, unakwenda wapi?"

"Na nikiwa sikukosea?"

Alitazama nje, kwenye yale maghorofa yanayofanana. "Sisemi usitume. Nasema usiniulize."

Nilipiga moyo konde nikatuma. Niliandika kwa adabu, nikaambatisha majedwali, nikaeleza tofauti ya kabla na baada, nikaomba daktari wao amtazame kabla hajashuka tena uwanjani. Nikaweka jina langu mwenyewe chini, si la kampuni, ili kikinuka kininukie mimi peke yangu. Jioni ile nilikata vitunguu bila kuviangalia hata Nakato akaninyang'anya kisu cha mboga.

Jibu lilikuja fupi. Walinishukuru. Walisema wamezungumza na mchezaji, amewaambia yuko sawa, na atacheza Jumamosi.

Kaka, nilibaki nikilikodolea macho jibu lile. Wao wana mashine za kupima kila pumzi ya mtu, na swali la maana kuliko yote wameliuliza kwa mdomo! Ndipo nikatukumbuka sisi. Kwetu mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri. Nyumba imeungua, unajibu nzuri, kisha baada ya kukaa na kunywa maji ndipo unasema kuna jambo. Baba alikuwa kitandani hawezi kugeuka, na kila aliyeingia alimjibu sijambo. Ndiyo heshima, ndivyo tulivyolelewa, na mimi naipenda. Nilidhani ni yetu peke yetu. Kumbe hata yule mzungu mwenye ndevu, mwenye jina nisiloweza kulitamka, naye ana nzuri yake.

Nimewajibu. Mara hii sikuambatisha jedwali lolote. Niliwaandikia kwamba mtu aliyeumia kichwa ni shahidi mbaya wa kichwa chake mwenyewe, na kwamba nina kaka. Nikaandika mambo machache juu yako, unisamehe, sikukuomba ruhusa. Hawajanijibu. Madam hanitazami usoni, ila jana nilikuta ameniwekea chai mezani. Leo ni Alhamisi. Mechi zao hutufikia hapa asubuhi inayofuata, na Jumapili nitakuwa nimekaa mbele ya kompyuta, na jina lake litatokea kwenye orodha au halitatokea. Likitokea, ni zamu yangu kumhesabu. Sijui kama nitaweza. Ninaomba Mungu, kisha naogopa, kisha naomba tena.

Wala si yeye tu anayeninyima usingizi. Mama ameniambia kwamba asubuhi unakaa ukingoni mwa kitanda umeshika kichwa kwa mikono miwili, na akikuuliza unainua uso na kusema, "Sijambo, Mama." Anakuamini kwa sababu anataka kukuamini. Mimi niko mbali, sioni kikombe chako kimepoa wala sisikii umechelewa wapi. Nina simu tu, na wewe kwenye simu una sauti nzuri kuliko watangazaji.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, kaka. Dubai ukiisahau yote, sawa, nitakuwa nakusimulia kila wiki mpaka uchoke. Lakini kesho baada ya swala ya Ijumaa nitakupigia, nami nitakuuliza habari za asubuhi. Tafadhali, usinijibu nzuri.

Ni mimi mdogo wako,
Saumu