Maili za Baharini

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka chumba kile kile cha ghorofa ya nne, mwaka wa thelathini na tisa sasa tangu niondoke kwetu. Natumaini u mzima, na kwamba jicho la shemeji limepona baada ya kupasuliwa. Mwambie asiharakishe kushika sindano. Mimi sijambo, ila goti la kushoto hudai mapumziko kila ngazi ya kumi, nami nalitii kwa kuwa halina adabu.

Binti yako ameniandikia. Makumbusho anakofanya kazi wamelitoa Pipa, ile ndege yako ya zamani, kwenye vyuma chakavu, wamelipaka rangi, na mwezi ujao watalisimamisha mlangoni kando ya Mshale, mshindani wake. Yeye ndiye anayeandika kibao cha maelezo. Ananiuliza, Baba Mkubwa, ni kweli Pipa lilipitwa kwa kasi? Kwa sababu wewe umemwambia huwezi kwenda kusimama karibu na kibao kitakachokuita kobe mbele ya wajukuu zako.

Nimemjibu tangu mwanzo, na wewe nakuandikia vivyo hivyo, kwani siku ile ulikuwa angani na hukuiona meza yangu.

Zilikuwa ndege zetu za kwanza za kivita zisizo na pangaboi mbele. Pipa lilikuwa fupi na nene, mdomo wazi, mabawa yamenyooka kama mikono ya mtu anayepimwa koti. Mshale ulikuwa mwembamba, mabawa yamelazwa nyuma, na kila aliyeutazama aliamini una mbio hata ukiwa umeegeshwa. Zote mbili ukizisukumia mafuta, injini ilitafakari kwanza. Kwa kupanda, Pipa lilifika futi elfu thelathini kwa dakika nane, Mshale kwa kumi na moja. Kwenye kona Pipa liligeuka ndani ya duara la mwenzake bila shida. Ila Mshale ulikaa angani dakika sabini, Pipa hamsini na tano. Ikabaki kasi, na mkuu wa kikosi alikuwa ameshatangaza kwamba itakayopitwa itaondolewa, pamoja na marubani wake.

Mlipita mmoja mmoja, futi elfu moja juu ya uwanja, mkisoma saa ya kasi na kutaja namba kwenye redio. Mimi karani niliandika. Kinyozi, rubani wa Mshale, tuliyemwita hivyo kwa jinsi alivyonyoa mapaa ya watu akiruka, alitaja maili mia tano thelathini. Wewe, ndani ya Pipa, ulitaja mia nne themanini.

Pale kwenye chumba cha chakula Kinyozi alikuuliza kama ulisimama njiani kuulizia njia. Watu walicheka hadi vijiko vikaanguka. Ukaja kwangu mbele yao, ukasema, kaka, hebu angalia tena, mimi niliiona ardhi ikikimbia. Nikakujibu kwamba namba ni namba, na kushindwa si ugonjwa. Ukapelekwa kubeba mifuko ya barua, miaka kumi na mmoja, na hukunitajia tena habari hiyo.

Sasa nisikilize. Siku ya tatu baada ya shindano fundi wa vyombo aliniletea saa zote mbili za kasi mezani. Ya Mshale ilihesabu maili za nchi kavu. Pipa liliundwa kwanza kwa ajili ya kuruka kutoka meli za kivita, na saa yake ilihesabu maili za baharini, ambazo ni ndefu zaidi. Mia nne themanini zako zilikuwa mia tano hamsini na mbili za Kinyozi. Ulimpita kwa maili ishirini na mbili. Sote tulisema maili, hakuna aliyeuliza maili gani.

Hilo lilikuwa kosa, na angeweza kulifanya yeyote. Kilichofuata hakikuwa kosa. Ripoti ilikuwa na sahihi yangu, na asubuhi ile ile nilikuwa nimepandishwa cheo kuwa mkuu wa makarani. Nikamshukuru fundi, nikamwambia nitasahihisha Jumatatu. Jumatatu hiyo haikufika mpaka jana, nilipomtumia binti yako ukurasa wenyewe wa daftari, hesabu ikiwa imepigwa pembeni, na jina la karani aliyejua akanyamaza. Nimemwomba aliandike kwenye kibao pia. Nilituma barua ile kwanza, kabla ya hii, nisije nikapata nafasi ya kulainisha maneno.

Kinyozi naye amealikwa, nasikia anatembea kwa mkongojo. Nenda, mdogo wangu. Simama upande wa mdomo wa Pipa, na akimaliza kusoma kibao, muulize kwa upole kama alisimama njiani kuulizia njia.

Msalimie shemeji na watoto wote. Anwani yangu ni ile ile. Ukikaa kimya nitaelewa, maana kimya nakijua vizuri kuliko wewe.

Ni mimi kaka yako,
karani wa siku ile