Stika Chini ya Boneti ya Nkwabi

Jumanne, Bariadi. Jua kali, vumbi la malori ya pamba limeingia hadi kwenye birika la chai.

Mkanda wa taimingi wa gari la shemeji yangu Nkwabi ulibadilishwa gari likiwa limeshatembea kilomita 98,412. Aliyesema hivyo, saa tisa alasiri ya leo, ni mwalimu wa kujitolea kutoka Japani anayefundisha hesabu katika sekondari moja hapa mjini. Nilimwomba anisomee stika iliyobandikwa chini ya boneti. Akaisoma mara mbili, kidole juu ya maandishi, kisha akachungulia dashibodi.

Dashibodi inasema 83,000.

Alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa, akaomba radhi. Hakuwa na sababu ya kuomba radhi.

Nkwabi ni mume wa dada yangu na wakala wa mnunuzi wa pamba, mmoja kati ya wale wengi waliomiminika huku tangu biashara ilipoachwa huria. Gari alilitoa yadi ya magari yaliyotumika Japani, Dar, mwaka juzi. Tangu siku hiyo anawaambia watu mambo mawili. Kwanza, injini haijafunguliwa. Anavyolitamka hilo, utadhani anamsifia binti mbele ya washenga. Pili, Wajapani wenyewe wameandika mkanda ubadilishwe lini: ukifika 98,412. Kwa hiyo bado, tena sana.

Hajui kusoma hata herufi moja ya ile stika. Aliona namba kubwa kuliko ya dashibodi, akaamua kwamba ni ya mbele. Kwamba kuna mtu alizirudisha nyuma namba za dashibodi kabla yeye hajalipa, hilo halikumpitia kichwani. Nkwabi huyohuyo hupima pamba ya wakulima akiwashuku wote kwamba wameinyunyizia maji.

Fundi Maganga, mwenye gereji karibu na stendi, amenieleza bila kupamba. Mkanda huo ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, pistoni zinagonga vali, injini inazima palepale, usukani unakuwa mzito na breki zinakuwa ngumu. Haupigi kelele kabla ya kukatika. Na huu wa Nkwabi hakuna anayejua umetembea kiasi gani.

Gari hilo ndilo linalotakiwa kumpeleka mama yangu Mwanza keshokutwa kwa upasuaji wa jicho. La kushoto lilishakufa. Amebakiwa na hili, na daktari bingwa aliyekuja kwa muda anaondoka wiki hii.

Nilimkuta Nkwabi kwenye mzani.

“Shemeji, yule ni mwalimu wa hesabu, si fundi,” alisema. “Na nikifungua injini leo, kesho nikiliuza gari, mteja akiniuliza nitamjibu nini?”

Nikamweleza kwamba ilishafunguliwa, hukohuko Japani, na ushahidi ni stika. Akauacha mzani, akaliendea gari. Nikadhani ameelewa.

Kweli alikuwa ameelewa. Alifungua boneti, akaikwangua stika kwa ufunguo mpaka ikatoka yote, akaikunja na kuitia mfukoni.

“Haya. Sasa haijafunguliwa.”

Wapima pamba wakaangua kicheko. “Mwandishi, shemeji yako kakuweza!”

Nimeandika habari za wezi wa mifugo kwa miaka mingi. Wengi wao walikuwa na akili zaidi.

Mimi nami sina pa kujificha. Mwaka mzima nimepanda gari hilo kufuata habari za pamba hadi Malampaka, na sikuwahi kuuliza ile namba ina maana gani. Kazi yangu ni kuuliza. Sikuuliza kwa sababu lifti ilikuwa ya bure.

Kazi ngumu ilikuwa nyumbani. Kwa mama, kukataa gari la mkwe ni kumtukana mkwe. Alishapanga hata atakavyokaa: kiti cha nyuma, nyuma kabisa ya dereva, wasionane, kama heshima inavyotaka. Jioni hii nimemwambia haendi nalo.

“Yaani nimwaibishe mkwe wangu kwa ajili ya mkanda?”

“Ndiyo, mayu.”

Alipangusa jicho kwa ncha ya khanga.

“Basi kamwambie wewe. Mimi mkwe simtazami usoni, jicho lione lisione.”

Nimekwenda kumwambia. Nkwabi amesema nimemdharau mbele ya ukoo.

Sikubisha. Ni kweli.

Basi la Mwanza linaondoka Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Nimekata tiketi mbili, viti vya mbele. Upasuaji ni Ijumaa, saa tatu.