Sufuri Si Nne, Nyambura

Nyambura, mwenye jina langu,

Barua hii naiandika wazi, wengine wakitaka kusoma wasome. Kama kuna mwingine amemfungia mama yake kwa fleti na kumwachia chupa ya chai, asikie pia. Lakini ni wewe ninayekugombeza, kwa hivyo keti.

Unakumbuka tanki langu la maji kule nyumbani Kalimoni? Miaka yote nililipima kwa kugonga na ngumi, na sikukosea sana. Ukaja likizo kutoka kile kiwanda cha juisi cha Thika, umevaa ovaroli yako ya bluu, ukaniambia mimi nyanya yako, "Cucu, wacha kugonga tanki kama polisi." Ukatumbukiza kidude chini ya maji, ukavuta waya mpaka jikoni, ukatundika kisanduku cha namba ukutani. Nikauliza hizo namba ni debe ngapi.

"Si debe, Cucu. Ni umeme mdogo sana unapita kwa waya. Tanki likiwa tupu, unapita nne. Likijaa, ishirini."

"Na nusu ni kumi."

"Nusu ni kumi na mbili. Tunaanzia nne."

Nikaona huo ni ujinga. Nani anaanza kuhesabu na nne? Hata mimi wa darasa la tatu najua kitu kitupu ni sufuri. Ukaniambia nitaona.

Nikakuuliza tena: waya ni mrefu, huo umeme hauchoki njiani? Ukashika mpira wa kumwagilia sukuma wiki. Presha inachoka, ukasema, lakini maji yanayoingia huku ndiyo yale yale yanatokea kule. Umeme wa kipimo ni hivyo hivyo.

"Kama mpira haujatoboka," nikasema.

"Ai, Cucu! Ungekuwa fundi wewe."

Ningekuwa. Tena fundi mkali.

Halafu asubuhi moja kisanduku kikasoma sufuri. Nilikupigia simu nikilia kwamba maji yote yameibiwa, nikataja hata jirani kwa jina. Ukaniuliza pole pole, "Ni nne ama ni sufuri?" Nikasema sufuri, wewe hata husikii? "Basi maji yapo. Tanki likiisha litasema nne. Sufuri ni waya umekatika. Fuata waya." Nikaufuata. Mbuzi alikuwa amesimama nyuma ya choo na kipande mdomoni, ananiangalia kama mimi ndiye mwenye makosa. Hapo nikaelewa ile nne yenu. Kitu kikiwa kitupu lazima kiweze kusema, "Niko hapa, ila sina kitu." Kikinyamaza kabisa, hiyo ni shida ingine.

Lakini kile kinaniuma leo ni kile uliniambia tukimenya viazi. Kazini kwenu kipimo kilikwama kwa kumi na mbili tangu asubuhi. Watu wakafurahi, nusu ni nzuri, wakaendelea kujaza mpaka juisi ikamwagika sakafuni. Ulikuwa umekasirika kweli. Ulisema tanki ambalo watu wanajaza na kuchota haliwezi kusema neno moja siku nzima, na mtu mwenye akili angeshuku.

Sasa nikuulize, mwenye akili. Tangu uende Uarabuni kwa hicho kiwanda cha kusafisha maji ya bahari, kila Jumapili unapiga simu. Baba yako ananishikia simu mbele ya uso. "Cucu, uko sawa?" Niko sawa. Jumapili ingine, niko sawa. Mvua ikinyesha, jua likichoma, mimi niko sawa tu. Wewe kazi yako ni vipimo! Hukushuku?

Siko sawa. Nilianguka mara moja tu nikikata majani ya ng'ombe, baba yako akanileta hapa kwake Kimbo, gorofa ya tatu, ati nipone. Nilipona kitambo. Asubuhi yeye na watu wa nyumba yake wakitoka kwenda kazi wanafunga geti la chuma na kufuli. "Mama, ni kwa usalama wako." Dirisha linaangalia ukuta wa ploti ya jirani, na ukuta nimeumaliza kuuangalia. Hakuna udongo. Nikipiga kelele, televisheni za majirani zinanishinda. Nimekaa kama kuku amefunikwa na tenga, na hata kuku anafunuliwa jioni.

Na sasa baba yako anataka kuingiza mpangaji kwa nyumba yangu Kalimoni kabla ya mvua. Mgeni akilala kwa kitanda changu, mimi sirudi tena. Hilo nalijua na yeye analijua.

Mimi nikimwambia, anasikia mzee anasumbua. Lakini wewe ulipewa jina langu, jina la mama yake. Tangu uko mtoto anakuita "mami", na hajawahi kukukatalia kitu, hata ile ovaroli alikuwa hataki uvae. Basi kuwa mama yake. Mwambie, "Kamau, nirudishe nyumbani kwangu." Useme hivyo hivyo, nirudishe. Atajua ni nani anaongea.

Na Jumapili usiniulize kama niko sawa. Hilo neno limekwama. Niulize namba, nikujibu hata kama amenishikia simu. Akisoma hii barua na asome, ingawa namjua, hasomi kitu kirefu kuliko meseji.

Nyumbani Kalimoni nilikuwa kumi na nane, siku ya mvua ishirini. Leo ni nne. Usilie, nne si mbaya, waya bado ni mzima. Lakini ukipiga simu usikie kimya, usikubali mtu akuambie Cucu amelala. Fuata waya.

Ni mimi, Nyambura wa kwanza,
Cucu wako, nyuma ya geti.