Utunda Juu ya Nyonga

Jumatatu, 11 Machi

Nimeanguka bafuni. Mimi, niliyefundisha mantiki maisha yangu yote ya kazi, nimeshindwa hoja na kipande cha sabuni. Nyonga ya kushoto inauma, mguu haukanyagiki. Mdogo wangu Dufie amekwisha kutoa uchunguzi: "Umeteguka tu, dada. Kuchua kwa mafuta ya shea kutamaliza." Hongera kwa chuo kilichomhitimisha.

Jumanne, 12 Machi

Hospitali. Mpiga eksirei, Bwana Bediako, alinieleza kama mtoto: mionzi hupenya nyama, mfupa huizuia, palipozuiwa hutoka peupe. Haiumi. Asante — nilidhani ni picha ya harusi!

"Mama Profesa, una chuma chochote mwilini?"

"Sina chuma."

Jibu sahihi kabisa. Shanga za utunda wangu ni za kioo. Marehemu mume wangu pekee ndiye aliyewahi kuuona kiunoni. Sikuona sababu ya Bediako kuwa wa pili. Nikausukuma chini, ndani ya gauni la hospitali, hadi nyongani.

Meza baridi. "Usitikisike!" — naye akajificha nyuma ya ukuta. Mionzi haina neno, kasema. Ila mimi napigwa leo tu, yeye yupo nayo kutwa. Mlio mfupi. Basi.

Jumatano, 13 Machi

Nyonga yangu imetoka imepambwa kama bibi harusi. Kumbe kioo nacho huzuia mionzi: punje nyeupe za utunda zimejipanga juu ya shingo ya mfupa wa paja, palepale Daktari Ayitey anapotaka kutazama. Pana mstari. Ni ufa, au ni kivuli cha shanga? Ukiwa ufa ni upasuaji. Nikiukanyagia mguu huu, mfupa utaachana.

Dufie alicheka hadi machozi. "Profesa mzima! Ukaona uufiche palepale unapoumia?"

Bediako hakucheka. "Mama, nilikuuliza chuma. Kumbe ningeuliza na aibu."

Picha irudiwe kesho. Bila utunda.

Alhamisi, 14 Machi

Fundo halifunguki. Dufie kaukata kwa mkasi, akaokota shanga moja moja.

Nimepigwa picha mbili, mbele na ubavuni. Ni safi kupita kiasi; hakuna shanga hata moja ya kusingiziwa. Ayitey amezitazama, akamwita mwenzake, wakasogea karibu zaidi na skrini. Nimeuliza habari za mstari. Wamesema subiri, mama.

Nesi yeye ana swali moja tu: asubuhi nimekula nini? Uji na bajia, nimemwambia. Saa ngapi? Akaandika. Nisile tena, amesema, wala maji nisinywe. Hitimisho nalijua mwenyewe: ni ufa.