Swali ambalo Nyuon hakumuuliza mama mkwe

Ejore weh! Tuko hospitali hapa Lodwar na Nyuon, aibu tupu!

Si alimleta mama mkwe wake kutoka Kakuma? Ile kansa ya njia ya haja kubwa. Mionzi alimaliza, leo daktari anaangalia kama uvimbe umeisha kabla apasuliwe. Nyuon ndiye anatafsiri Kinuer.

Daktari akasema, "Muulize kama bado anatoa damu chooni."

Mama mkwe! Chooni! Kwao hata kula mbele yake ni aibu. Nyuon akamuuliza tu amelalaje. Mama akajibu vizuri. Nyuon akageuka: "Damu hakuna, daktari."

Hakuna! Kwa mdomo wake!

Daktari akafurahi. "Picha pia inaonyesha uvimbe umepungua sana. Basi upasuaji tungoje kwanza."

Kufika nje, mama akaangalia ukuta, akasema polepole, "Mwanangu, mbona daktari hajauliza damu? Bado inatoka."

Nyuon akarudi mbio. "Daktari, nilidanganya. Sikumuuliza!"

Mama akapimwa upya, Nyuon nje, mkewe akitafsiri kwa simu. Uvimbe bado uko. Atapasuliwa.

Sasa mama ametoka, anamwambia asante kwa kurudi. Eti asante, Ejore! Jamaa amejifunika uso na shati.