Shimo la mwenyekiti

Shoga, niko barazani kwa bibi Gunvor, nimecheka mpaka mbavu zinauma. Torbjörn wangu amekata intaneti ya kijiji kizima. YEYE. Mwenyekiti wa chama cha faiba!

Unajua alivyotusumbua miaka mitatu. Krona elfu ishirini kila nyumba, na kila Jumamosi kuchimba mtaro wenyewe ili iwe nafuu. Kwetu akachukua kifurushi chenye kasi kuliko vyote, na tuko wawili tu na paka.

Leo tunasimamisha nguzo ya maua ya sikukuu ya kiangazi. Watu wakamwambia, "Torbjörn, tazama ramani ya kebo kwanza."

"Ramani nimeichora mimi!" Akashindilia mtaimbo kuchimba shimo la nguzo.

Hatujamaliza hata wimbo wa kwanza, watoto wakatoka ndani wanalia, katuni zimeganda. Ramani kaichora yeye, shoga. YEYE!

Mafundi? Wako likizo mpaka Agosti. Si unawajua Waswidi wenzangu.

Huku bondeni simu inayoshika mtandao ni ya Gunvor peke yake. Huyu huyu bibi aliyegoma kujiunga, Torbjörn akamwambia mkutanoni eti amepitwa na wakati. Sasa mwenyekiti kakaa kwa adabu, kofia mapajani, anaomba amwashie intaneti ya simu yake atafute fundi.

Bibi kamkatia keki kwanza. Kisha kamwashia, akamwambia taratibu: "Tumia tu, mwanangu. Ila usifungue video, bando langu dogo."