Nani Mwenye Amri Hapa?

Mjukuu wangu Kabula,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Kolandoto tu wazima. Babu yako ameanza kutembea tena. Umeniuliza kwa nini nilitumia ualimu wangu wa chuo kuwafundisha maofisa usimamizi wa ulinzi.

Nikiwa mtafiti kijana, nilijikuta kwenye uzio wa mgodi kule Geita. Wachimbaji wadogo waliozuiwa kuingia walishika mawe. Walinzi wa mgodi na polisi waliwaelekezea bunduki. Nikapaza sauti, "Nani mwenye amri ya kupiga risasi hapa?"

Mkuu wa walinzi akamgeukia mkuu wa polisi. "Si wewe?"

"Mimi? Nilidhani wewe!"

Walinzi na polisi waliposikia kwamba hakuna mwenye amri, wakashusha bunduki. Mawe nayo yakaanguka.

Njiani kurudi nikawaza. Watu wangekufa, na asingepatikana wa kujibu. Hapo nikajua nitafundisha nini.

Bibi yako akupendaye